Ncha ya Tatu

Habari hii aliisimulia kwanza shangazi yetu, mshonaji, mwaka uliofuata baada ya nyumba ile yenye gereji kuhamwa. Aliisimulia akifumua pindo la gauni la mteja, hakuinua macho, na hiyo ndiyo mara pekee aliyoieleza yote kwa mfululizo. Baadaye baba mdogo, ambaye ndiye fundi mwenyewe, alikubali kusema upande wake. Maelezo yao yanalingana isipokuwa mahali pamoja, na mahali hapo pametajwa.

Baba mdogo alikuwa fundi wa umeme wa magari. Wateja walimwita Waya. Hakufungua injini wala hakubadilisha matairi. Gari lilifika kwake pale mafundi wengine walipokwisha kubadilisha kila kinachobadilishika na ugonjwa ukabaki palepale. Gereji yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la bati, na mlango wake wa ndani ulitokea kwenye chumba cha cherehani cha shangazi. Chumba cha cherehani nacho kilitokea sebuleni. Mke wa fundi, mwalimu wa watoto wadogo, alilalamika mwanzoni kwamba mashuka yananuka grisi. Kisha akazoea.

Mwaka ule nyumba ilikuwa kimya. Mwalimu alikuwa amejifungua binti aliyeishi kwa muda mfupi, akafa kabla hajapewa jina. Katika uhai wake wote aliitwa mtoto tu, na alipozikwa, neno hilo nalo likaacha kutumika nyumbani. Hakuna aliyelikataza. Kitanda chake kilifumuliwa, mbao zikafungwa kamba, zikawekwa juu ya kabati. Watu walikula, walioga, walikwenda kazini, walirudi. Shangazi alisema haikuwa hata huzuni. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: unaushika, unajua ni wako, lakini husikii kitu.

Gari lililoleta mambo lilikuwa la mwuza vitanda, mtu mnene mwenye maneno mengi. Lilikuja likivutwa.

"Fundi, gari langu lina wazimu."

"Linafanyaje?"

"Niulize lisichofanya. Nikiwasha indiketa, linafunga milango. Nikikanyaga breki, redio inapandisha sauti. Juzi limezima katikati ya barabara, na taa zote za dashibodi zimewaka kama ukumbi wa harusi."

"Kabla hujalinunua lilikuwa wapi?"

"Uwanjani kwa mtu. Lilikaa mpaka majani yakaota kwenye viti."

"Alikuwa analiendesha nani?"

"Hilo sikuuliza. Ningeuliza, angenijibu, na ningekosa gari."

Fundi alicheka kwa pua. Alimwambia aliache.

Ni lazima kueleza hapa jinsi kazi ile ilivyofanyika, maana bila hivyo yaliyofuata hayaeleweki. Magari ya siku hizi yana kompyuta nyingi ndogo: ya injini, ya gia, ya breki, ya milango, na nyinginezo. Zote zimening'inia kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kupitia hizo zinazungumza kwa zamu. Kila moja husikia kila neno, kisha huchukua linaloihusu. Kwenye kila ncha ya waya huo kuna kipande kidogo kinachozuia umeme, ili maneno yakifika mwisho yafe, yasirudi kama mwangwi. Ukitoa betri ukapima kwa mita kati ya nyaya hizo, gari lisilo na ubovu litakupa namba sitini. Ncha moja ikikatika, namba hupanda hadi mia na ishirini; ncha ikizidi, hushuka. Fundi alikuwa akianza hapo kila mara, kabla ya kitu kingine chochote.

Hakuweza kulala chali chini ya dashibodi na wakati huohuo kusoma mita, kwa hiyo shangazi aliacha cherehani yake na kumsomea. Ndugu hao wawili walikuwa na utaratibu wao. Kompyuta za gari zina majina marefu ya kigeni, na shangazi alikataa kuyatamka. Wakazipa majina ya ukoo. Injini ilikuwa Baba. Gia ilikuwa Mama, kwa kuwa Baba hafiki popote bila yeye. Breki ilikuwa Babu, ambaye kazi yake ni kukataza. Mifuko ya hewa ilikuwa Bibi: analala miaka yote, na akiamka mara moja tu, hakuna tena gari. Redio ilikuwa Shemeji, anaongea kutwa na hasukumi gari. Dashibodi, inayotangaza habari za kila mtu, ilikuwa Jirani. Milango na taa walimpa Wifi.

"Wifi kwa nini?" shangazi aliuliza siku ya kwanza. "Wifi wa nyumba hii ni mimi."

"Kufungua na kufunga mambo ya watu," alijibu fundi.

"Basi siku nikikufungia mlango usilie."

Siku ya gari la mwuza vitanda, fundi alitoa betri, akachomeka nyaya za mita kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akampa dada yake mita.

"Dada, inasema ngapi?"

"Arobaini."

Fundi akatoa nyaya, akazifuta kwa kitambaa, akazirudisha.

"Arobaini," shangazi akarudia. "Arobaini ni nini?"

"Ncha tatu," alisema fundi. "Waya una ncha mbili. Huu una tatu."

Hakuna kilichomtisha wakati ule. Alifikiri mtu amechomeka kifaa mahali, labda king'ora cha wezi, na akaanza kuwatoa ndugu mmoja baada ya mwingine ili amjue mwenye kosa.

"Nimemtoa Babu."

"Arobaini."

"Bibi."

"Arobaini."

Wifi, Shemeji, Mama: arobaini. Alipomtoa Jirani ikawa sitini, kwa sababu ncha moja ya waya hukaa kwa Jirani. Akamtoa na Baba, mwenye ncha ya pili. Hapo hapakubaki mtu. Mita ilipaswa isisome chochote.

"Mia na ishirini," alisema shangazi.

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Mia na ishirini. Kuna mmoja bado yupo."

Fundi alifumua kapeti. Aliufuata waya kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma, akafungua vifuniko vya milango, akashika kila kifundo. Waya ulikuwa mzima, safi, na ulikuwa na ncha mbili. Akarudisha betri kwa muda, akaunganisha mashine yake ya kusomea gari, ile inayowauliza wote walio kwenye waya wajitaje. Kwa gari lililotolewa kila kitu, mashine huandika kwamba hakuna aliyejibu. Safari hii iliandika kwamba mmoja amejibu. Mahali pa jina palikuwa patupu.

Aliitoa betri tena, akarudi chini ya dashibodi. Kule juu, shangazi alishika mita.

"Sasa huyu tumwite nani?" aliuliza. Aliuliza kwa sababu ya kazi tu. Katika utaratibu wao huwezi kuulizia kitu usichokipa jina.

Na fundi, akiwa amechoka, tochi ikiwa mdomoni, akatafuta katika ukoo nafasi iliyobaki wazi. Akaitoa tochi mdomoni.

"Mtoto," akasema.

Shangazi alisema kwamba hawakutazamana. Cherehani haikuwa ikilia, barabarani hapakupita gari. Kisha fundi, kama mtu aliyekwisha kukanyaga tope na haoni sababu ya kurudi, akaendelea na kazi.

"Mtoto bado yupo?"

Namba kwenye mita ilififia, ikaisha. "Hayupo," alisema shangazi, na palepale akasikia harufu, ya nguo mbichi inayopigwa pasi, ikimpita usawa wa kiuno kuelekea kwenye mlango wa chumba cha cherehani. Alidhani ameiacha pasi yake kwenye umeme. Alikwenda kuangalia. Pasi ilikuwa baridi, waya wake umeviringwa.

Waliporudisha kompyuta zote, mita ilisoma sitini. Gari liliwaka kwa mara moja. Indiketa ikawa indiketa, redio ikanyamaza ilipoambiwa inyamaze.

"Ametoka," alisema fundi.

"Amekwenda wapi?"

"Shauri yake."

Mwuza vitanda alilichukua gari lake jioni ileile, akamsifu fundi mtaa mzima.

Nyumbani mambo yalianza kwa maneno kuchelewa. Shangazi alimwita kaka yake mezani, akamwona akifungua mdomo kule gerejini, hakusikia jibu. Alasiri, fundi akiwa ametoka kutafuta vipuri, shangazi alikuwa anaosha sahani, na nyuma ya mlango wa jikoni, karibu sana, sauti ya kaka yake ikasema, "Nakuja." Ilikuwa sauti ya mchana, ya mtu mwenye njaa. Hapakuwa na mtu. Siku nyingine mwalimu alimwaga chai, akasema pole, na ile pole haikusikika kwa yeyote hadi jioni, ilipojisema yenyewe juu ya meza iliyokwisha kufutwa. Na kabla ya kila neno lililochelewa ulisikika mlio mdogo, mkavu, tik, kama rilei, ile swichi ndogo ya gari, inaponasa, ila haukutoka ukutani wala darini. Ulitoka katikati ya watu wawili waliokuwa wakizungumza.

Baadhi ya maneno hayakufika kabisa. Fundi alianza kusema mambo mara mbili, kisha akaacha. Mwalimu akaacha kabla yake.

Baada ya hapo ikaja ganzi yenyewe. Fundi aliunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa na chuma cha moto, akaona ngozi ya kidole gumba inageuka nyeupe pembeni ya chuma, akatazama, akajua inaungua, akakiondoa kidole kwa sababu tu ya kujua. Shangazi alijichoma sindano hadi ikatokea upande wa pili na alichokiona kwanza ni damu kwenye kitambaa cha mteja. Walionyeshana vidole vyao mezani. "Na wewe?" "Na mimi." Wakaendelea kula. Shangazi alisema jambo hilo ndilo lililokuwa baya kuliko mengine yote, kwamba mtu aliona kitu, akajua kabisa kwamba ni cha kutisha, na hofu haikufika, kama barua iliyotumwa ikaishia njiani mikononi mwa mwingine.

Mwalimu peke yake alikuwa kama aliyepata nafuu. Alirudi kutoka shuleni mapema, akaimba kwa sauti ya chini, akamenya chungwa na kulikata vipande vidogo visivyofaa mdomo wa mtu mzima, akaviweka kwenye kisahani juu ya stuli fupi. Asubuhi vipande vilikuwa palepale, vimekauka, vyeupe, kama vilivyonyonywa maji bila kuguswa. Yeye mwenyewe hakula. Ukimwambia ale, alisema ameshakula. Viwiko vyake vilianza kuchongoka, na hakuonekana kuvihisi.

"Mwalimu amechangamka," fundi alimwambia dada yake.

"Amekonda."

"Amechangamka na amekonda."

Siku moja walikuta kitanda kidogo kimeungwa. Kilikuwa pembeni mwa chumba cha wazazi, skrubu zote zimekazwa, shuka limetandikwa, na katikati ya shuka palikuwa na kishimo kama cha kitu kizito kilichokuwa kimelala. Fundi aliweka kiganja hapo. Hakusikia joto wala baridi, kwa hiyo hakujua.

"Si umeunga wewe?" mwalimu alimwuliza.

Fundi alidhani ni mwalimu aliyeunga. Kila mmoja alidhani ni mwenzake, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Siku ya pasi ilikuwa Jumamosi mchana. Jua lilipiga sebule yote. Shangazi alikuwa chumbani kwake akishona zipu, mlango uko wazi nusu, akasikia harufu ile ya nguo mbichi na hakuijali kwa sababu alijua wifi yake anapiga pasi, alimwona mgongo, alimwona mkono wa kulia ukienda na kurudi, kisha ukasimama, na harufu ikabadilika kidogo, ikawa na kitu kama unyoya unaoungua ndani yake, na tik ikasikika, na tena tik, kama mtu anayejaribu swichi, na mgongo wa mwalimu ulikuwa umetulia kwa namna ambayo migongo ya watu wanaofanya kazi haitulii, na shangazi akainuka huku miguu yake ikimfuata kwa kuchelewa, akafika, akaona kwamba pasi haiko juu ya nguo. Ilikuwa juu ya mkono wa kushoto wa mwalimu, ulioshika nguo. Mwalimu alikuwa akiitazama.

Shangazi aliing'oa. Hakupiga kelele, alisema kelele zilikuwapo na hazikutoka. Aliita tu, "Wifi."

"Taratibu," alisema mwalimu kwa upole. "Amelala."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi. Kinyozi huyo, mbali na vichwa, alijulikana pia kwa kutibu walioingiliwa na pepo, ingawa hakuandika hivyo kwenye kibao chake. Shangazi alimfunga wifi yake mkono kwa kitambaa safi, akavuka.

"Shikamoo, kinyozi."

"Marahaba, fundi cherehani. Unakuja kunyoa au kunishonea?"

"Nyumbani kuna kitu. Wifi ameungua na hasikii."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Alimsogelea shangazi, akanusa begani kwake, akarudi kazini. "Nikimaliza huyu nakuja," alisema. "Asibaki peke yake huyo mama."

Alikuja jua likiwa bado juu ya mapaa, na koti lake jeupe la kazi lenye nywele za watu. Hakuleta ubani wala kitabu. Alisimama katikati ya sebule, akawasikiliza fundi na shangazi wakieleza kwa kunong'ona, na maneno yao mengine ilibidi yarudiwe.

"Kwa nini hufukizi?" aliuliza fundi.

"Moshi unafukuza mgeni. Huyu si mgeni. Mlimpa nafasi ya nani?"

Shangazi akamjibia kaka yake, kwa sauti ndogo kuliko zote.

"Aa," alisema kinyozi. Alimtazama mwalimu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mkono uliofungwa ukiwa mapajani, akitabasamu kidogo kuelekea chumbani. "Yeye anakula yale yanayokwenda kutoka kwa mtu hadi mtu. Kwenye gari alikula ya gari. Hapa anakula yenu. Maumivu ni ujumbe, njaa ni ujumbe. Akimaliza kula ujumbe wa huyu mama, huyu mama atakufa kwa kitu kidogo, kwa maji ya moto, kwa kusahau kula, na hatajua kwamba amekufa. Nyinyi mtafuata."

"Tufanye nini?"

"Ukitafuta ubovu kwenye gari unafanyaje?"

"Natoa mmoja mmoja."

"Basi toa."

Walitoka uani mmoja mmoja. Fundi kwanza, ndani tik ikaendelea. Kisha kinyozi. Kisha shangazi, aliyemshika mwalimu na kumwongoza hadi kizingitini.

"Naogopa kumwacha peke yake," alisema mwalimu. Sauti yake haikuwa na woga wowote.

Walisimama wanne kando ya kamba za kuanikia nguo, wakitazama mlango ulioachwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu. Ilionekana meza, stuli fupi, na kipande cha jua sakafuni.

"Mwite kama ulivyomwita," alisema kinyozi.

Fundi alilamba midomo. "Mtoto."

Hakuna kilichotokea, na kutotokea huko kukaendelea, jirani alifunga bomba lake, ndege wa kwenye ukuta wakaacha, kile kipande cha jua sakafuni kikafanya doa la giza katikati yake kama kwamba kitu kifupi kimesimama pale kikisikiliza, na walipokwisha kuanza kufikiri kwamba hakipo, kwamba labda hakikuwapo tangu mwanzo, ikaja tik, na baada yake, kwa adabu, kama mtoto wa kike aliyelelewa vizuri lakini kwa koo ambalo halijawahi kutumika, sauti ikaitika:

"Abee."

Mwalimu akapiga hatua kwenda. Shangazi alimshika mabega kwa nyuma.

Kinyozi alisema harakaharaka, bila kupaza sauti. Kila mmoja aondoe nafasi aliyompa. Maneno ni matatu: sina mtoto humu. "Humu, maana yake ndani ya nyumba hii," alisema. "Neno hilo msiliache. Atakayesema bila humu atakata zaidi ya anachotaka kukata. Mmenisikia? Nirudishieni."

"Humu," alisema fundi.

"Humu," alisema shangazi.

"Mama?"

"Humu," alisema mwalimu, akitazama mlangoni.

Fundi akasema: "Sina mtoto humu." Mlio wa tik ukakoma.

Shangazi akasema hana mtoto wa kaka humu. Vidole vyake vikaanza kuwashwa, sisimizi kuanzia kwenye kucha hadi kwenye bega, na pamoja na sisimizi hofu yote ya zile siku ikafika kwa pamoja, hata ikabidi amwegemee wifi yake.

Ikabaki zamu ya mwalimu. Fundi alimwambia, "Mwalimu, sema tu. Si yeye. Yule wetu tulimzika."

"Najua tulimzika," alisema mwalimu. "Nilikuwepo."

Kutoka ndani ile sauti ikaita mara moja, bila kuomba, kama watoto wanavyoita tu kuhakikisha mtu yupo: "Mama."

Mwalimu akavuta pumzi.

"Sina mtoto," akasema.

Hapa ndipo wanapotofautiana. Baba mdogo anasema mke wake alilisema neno la tatu, kwamba aliiona midomo ikilifanya, ila yule wa ndani alilinyakua njiani wakati wa kutoka, kama alivyokuwa akinyakua mengine. Shangazi, aliyekuwa karibu hata akasikia mapigo ya moyo wa wifi yake mgongoni, alisema mdomo ulifungwa baada ya neno la pili na haukufunguka. Kinyozi alipoulizwa baadaye alisema haina tofauti. Kilichofika ndicho kilichofika.

Palepale uani kinyozi alijaribu. "Rudia, mama. Rudia yote."

Lakini ile harufu ya nguo mbichi ilikuwa imekwisha, kama sufuria lililofunikwa. Jua sakafuni lilikuwa zima. Na mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye saruji akiushika mkono wake ulioungua, analia kwa sauti ambayo majirani waliisikia hadi mwisho wa mtaa. Walidhani hatimaye anamlilia mtoto. Alikuwa analilia mkono.

Mkono ulipona. Mwalimu alianza kula, viwiko vikajaa, maneno yakawa yanafika. Kitanda kilifumuliwa tena, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyefungua skrubu. Aliuliza kilikuwa cha nini, fundi akadhani anauliza kwa uchungu. Walihama. Katika nyumba mpya walicheka, waligombana kuhusu mambo ya kawaida, walisikilizana.

Muda ulipopita akapata ujauzito. Aliubeba vizuri, bila kichefuchefu. Alisema "tumbo hili", kama mtu anayezungumzia mzigo aliopewa amfikishie mwingine. Shangazi alishona nguo ndogo, akazileta, mwalimu akazisifu mshono.

Siku ya kujifungua shangazi alisimama penye kitanda cha hospitali, upande wa miguu. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye nguvu, aliyelia sana. Muuguzi alimfunga vizuri, akamlaza kifuani kwa mama yake. Mwalimu alimtazama kwa muda. Akamgusa shavu kwa ule mkono wenye kovu.

"Ni mzuri," alisema. "Wa nani?"

Muuguzi alicheka, akasema ni uchovu. Shangazi hakucheka. Alingoja kidogo, kisha akainama, akamchukua.

Walimpeleka kwa madaktari wa kila aina, na kila daktari alimwona mwalimu yuko timamu. Alijua tarehe, alijua majina ya wanafunzi wake wote. Hakumchukia yule binti. Hakuwahi kumkaripia. Shangazi alimlea chumbani kwake, kati ya cherehani na kabati la vitambaa, na binti alipoanza kusema, aliyemwita mama alikuwa shangazi.

Kati ya waliohusika, mwuza vitanda amekufa, kwa maradhi ya kawaida. Kinyozi amekufa. Shangazi amekufa, mwaka juzi. Baba mdogo yu hai; aliacha kazi ya umeme, anauza matairi. Mke wake yu hai, amestaafu, ana afya njema. Binti yao yu hai, naye huwatembelea kila Jumapili. Mama humfungulia mlango, humkaribisha vizuri, humpa kiti kilicho kwenye upepo, na kumwuliza habari za kwao.